Mwanagenzi Mbele ya Mtu Mzima

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya walimu wastaafu na wageni wao)

 

 Nashukuru kwamba feni zinazunguka, maana mara ya mwisho nilipokaa katika ukumbi huu, siku ya mahafali, hazikuzunguka, na hotuba zilikuwa ndefu.

Tangazo lililobandikwa mlangoni limeniita mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia. Sijafika huko. Mimi ni mwanagenzi: nasoma, nakaa na wateja chini ya jicho la msimamizi, na kila wiki natoa hesabu ya nilichofanya. Mwenyekiti alinihakikishia kwamba hicho ndicho mnachotaka kusikia, yaani mtu anayejifunza kazi hii anatoka wapi, anafundishwa nini, na akiwa na mtu mzima mwenye shida chumbani anafanya nini hasa. Nitayajibu hayo kwa hoja tano. Hazitalingana urefu. Hoja ya tatu ndiyo iliyonileta; nyingine zinaisindikiza.

Kabla sijaanza, naweka sharti. Sitasimulia kisa cha mteja wangu yeyote, hata kwa kubadili jina, kabila na kazi. Tanga hii ukitaja rangi ya baiskeli ya mtu, watu watamjua. Nikitaja kisa, ama kimechapishwa vitabuni zamani, ama nimekibuni mwenyewe, na nitawaambia ni kipi.

Ninachotaka kukitetea jioni hii ni hiki: mtu mzima anayekuja kwa mshauri hajapungukiwa na mashauri. Ameshapewa na mama, mashemeji, jirani, imamu, bosi na redio. Alichokosa ni mahali pa kusema neno mpaka mwisho bila kukatizwa, ajisikie mwenyewe, kisha aamue. Kumpa mahali hapo ni kazi yenye ufundi wake, na sehemu kubwa ya ufundi huo ni kujizuia.

1. Mwanagenzi haji mikono mitupu

Darasani kwetu wamo wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, mchungaji, askari polisi mstaafu na walimu. Hakuna aliyetoka sekondari moja kwa moja. Kila mmoja ana kazi ya zamani iliyomjenga, na kazi hiyo haibaki mlangoni. Muuguzi amezoea kuona maumivu na kuyatuliza upesi. Askari husikia mara moja jibu la pili lisipolingana na la kwanza. Mchungaji ana maneno ya faraja tayari mdomoni. Mimi nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, nikawa pia mlezi wa bweni la wasichana. Mazoea yangu ni kwamba swali lina jibu, jibu analo mwalimu, na mwanafunzi akikawia husaidiwa. Yote hayo ni mema mahali pake. Mbele ya mwanamume aliyefiwa na mkewe, yanaziba njia.

Wala si mazoea ya kazi peke yake. Mtu huja na nyumba aliyolelewa. Aliyekulia chini ya baba ambaye akikasirika hanyamazi, anapiga, ataogopa sauti ya mteja ikipanda. Aliyekulia chini ya baba ambaye akikasirika hunyamaza siku tatu ataogopa ukimya, na atauvunja kwa swali lisilohitajika. Kliniki ya uchambuzi nafsi, tiba aliyoiasisi Freud, iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, chini ya Max Eitingon na wenzake, iliyaona haya mapema, ikayaweka mafunzo juu ya mafiga matatu: mihadhara ya nadharia, wagonjwa wanaotibiwa chini ya msimamizi, na mwanafunzi mwenyewe kulala kwanza kwenye kochi la mgonjwa, achambuliwe. Shule nyingi za tiba zilizokuja baadaye zimepingana na Freud karibu kwa kila jambo, lakini mafiga hayo, kwa sura moja au nyingine, zimeendelea kupikia.

Watu huniuliza zaidi kuhusu usimamizi, kwa hiyo niueleze. Baada ya vikao vyangu napeleka kwa msimamizi maandishi, au sauti iliyorekodiwa kwa ridhaa ya mteja. Yeye hamjui mteja kwa jina. Ananiuliza: hapa alipomtaja kaka yake, kwa nini ulimrudisha kwenye habari ya mshahara? Hapa ulicheka, kulikuwa na kichekesho gani? Kurekodi huku kuna historia. Carl Rogers, nitakayemzungumzia punde, alipokuwa Chuo Kikuu cha Ohio State alirekodi vikao kwenye sahani za santuri, na mwaka 1942 akachapisha vikao vyote vya mteja mmoja, neno kwa neno, kitu ambacho hakikuwa kimefanyika. Kabla ya hapo dunia ilitegemea kumbukumbu ya daktari. Walimu wenzangu, mnajua umbali uliopo kati ya kipindi anachokisimulia mwalimu na kipindi alichokiona mkaguzi.

2. Mwenye maumivu ndiye anayejua yalipo

Rogers alizaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, Marekani, katika nyumba ya Kikristo yenye msimamo mkali. Chuoni alianza na kilimo, akahamia historia, akaingia seminari ya teolojia New York, akaiacha, ndipo akatua kwenye saikolojia. Na yeye, mnaona, hakuja mikono mitupu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mji wa Rochester, katika idara iliyoshughulikia watoto watukutu. Katika kitabu chake cha mwaka 1961, On Becoming a Person, anakumbuka mama mmoja mwenye akili, ambaye mwanawe alikuwa hashikiki. Rogers alishaamua chanzo ni nini: mama alimkataa mtoto tangu mdogo. Kikao baada ya kikao alijaribu kumwongoza mama alione hilo, kwa upole na kwa subira, asifanikiwe. Mwisho akamwambia kwamba wote wawili wamejitahidi, imeshindikana, afadhali waache. Mama akakubali. Wakapeana mikono. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama mahali pale hupokea pia watu wazima kwa ushauri. Rogers akasema ndiyo. Basi yeye, mama akasema, anahitaji msaada. Akarudi kitini, akaanza kumwaga habari ya ndoa yake, jinsi mambo yalivyoharibika kati yake na mumewe, na jinsi anavyojiona ameshindwa. Hakuna hata moja kati ya hayo alilokuwa amelisema kwenye maelezo yaliyojaa faili. Tiba, anasema Rogers, ilianza hapo.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya lile swali la mlangoni. Mama huyo alikuwa ameketi mbele ya mshauri muda wote huo, naye ni mtu mzima, lakini alipokewa kama mzazi wa fulani, chanzo cha tatizo la fulani. Wangapi wetu huingia ofisini kwa jina la mtoto, la mume au la mkopo, na hakuna anayeuliza wao wenyewe wanaendeleaje?

Tena jambo hili ni la zamani kuliko Rogers. Vienna, kati ya 1880 na 1882, daktari Josef Breuer alimtibu msichana aliyekuja kujulikana vitabuni kama Anna O. Ni msichana huyo, si daktari, aliyegundua kwamba akiachwa azungumze mpaka mwisho hupata nafuu, na ni yeye aliyeipa njia hiyo jina. Breuer na Freud walikiandika kisa chake mwaka 1895. Jina lake halisi ni Bertha Pappenheim, na baadaye alikuja kuwa mwanzilishi wa umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani. Wanaodhani anayepata tiba ni mtu dhaifu wasome maisha yake.

Mwaka 1957 Rogers aliandika makala ya kutaja masharti yanayomfanya mtu abadilike katika tiba. Matatu yanamhusu mshauri moja kwa moja: awe mkweli asiyejificha nyuma ya cheo, amthamini mteja bila kumwekea masharti, na aingie katika dunia ya mteja na kuiona kama anavyoiona yeye. Tena mteja aone kwamba ameeleweka. Kwa maandishi ni mepesi. Jaribuni leo usiku mezani. Mwacheni mtu aseme kitu msichokubaliana nacho, kisha mrudieni alichosema, kwa haki, mpaka yeye mwenyewe aseme: ndiyo, hivyo hasa. Halafu hesabuni mara ngapi mlitaka kusema "lakini".

3. Umri si kikwazo, ni mlango

Sasa nimefika nilipotaka kufika. Pingamizi ninalolisikia zaidi hapa kwetu halihusu Freud wala Rogers. Ni hili: mtoto atamshauri vipi mzee? Kwetu nasaha hushuka kutoka juu. Kungwi humfunda mwari. Mwari hamfundi kungwi. Wazee hukaa kikao cha ndoa ya kijana, na kijana husikiliza. Leo msichana wa chuo, cheti chake hakijakauka wino, anafungua mlango na nyuma ya mlango yupo mwanamume aliyempita umri kwa miaka thelathini.

Tuseme, na hiki nimekibuni, mzee wa miaka 61. Amestaafu bandarini. Kifua kinambana, usingizi haumkai. Hospitali wamempima moyo, hawakuona kitu, wakamwelekeza kwa mshauri. Anaingia anamkuta mtu wa rika la bintiye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

Mnacheka, lakini mwanagenzi hacheki. Hapo kuna njia mbili za kupotea. Ya kwanza ni kujifunika cheo: kuvaa koti jeupe, kuzungumza kwa istilahi, ili mzee asahau kwamba ana mtoto mbele yake. Hatasahau. Ya pili ni kunywea, kuomba radhi kwa kuwapo, na kumwachia mzee kikao kizima akupe yeye nasaha za maisha. Njia tunayofundishwa ni kuuacha umri ukae palepale ulipo. Yeye ni baba, mimi ni mwana, na tunaweza kufanya kazi.

"Daktari ndiye aliyekuleta kwangu, baba. Mimi kazi yangu ni kukusikiliza."

"Sina shida, mwanangu. Ni kifua tu."

"Hukubana zaidi saa ngapi?"

"Alfajiri. Saa kumi na moja. Zamani saa hiyo nilikuwa nishatoka kwenda kazini."

"Na siku hizi saa hiyo unakuwa wapi?"

"Kitandani. Nawasikia wengine wakijiandaa."

"Wote wanaondoka, wewe unabaki."

Hapo mzee ananyamaza. Na hapo ndipo mwalimu wa hisabati aliyemo ndani yangu anapotaka kuinuka kwenda ubaoni: baba, huo ni msongo wa mawazo wa kustaafu, fanya mazoezi, punguza chumvi, fungua biashara ya kuku. Kila sentensi katika hizo ni kweli. Kila moja ingemrudisha kwenye kifua tu. Ukimya ukiachwa, baada ya muda utasikia kwamba mafao yameisha kwenye nyumba ambayo haijapauliwa, kwamba mkewe sasa ndiye anayetoa fedha ya mboga, na kwamba tangu mwezi wa Ramadhani hajakwenda barazani kwa wenzake kwa sababu hana cha kuchangia kahawa.

Ndiyo hoja yangu, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Pingamizi la umri lingekuwa na nguvu kama kazi ya mshauri ingekuwa kutoa nasaha. Mtoto kumpa mzee nasaha ni utovu wa adabu, nakubali. Lakini kumsikiliza mzee kwa utulivu, kutomkatiza, kumuuliza kwa heshima na kungoja amalize, hayo ndiyo tuliyolelewa nayo tangu tunakaa mkekani. Kijana wa Kiswahili aliyelelewa akaleleka ana nusu ya mafunzo kabla hajaingia chuoni. Wanaosema tiba hii ni ya Kizungu wanatazama vitabu. Hawatazami namna mjukuu anavyokaa mbele ya babu.

Naona Mwalimu wa safu ya pili anatikisa kichwa. Anataka kusema: mzee naye atachoka kusikilizwa, atauliza, sasa nifanye nini? Ni kweli, atauliza. Wako wafuasi wa Rogers ambao wangemrudishia swali lake mpaka magharibi. Mimi nimefundishwa kuchanganya. Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, katika miaka ya 1960 alionyesha kwamba mtu mwenye sonona hupitiwa na mawazo ya haraka asiyoyahoji, mfano: sina faida tena katika nyumba hii. Wazo hilo linaweza kuwekwa mezani likaangaliwa na wote wawili. Ni nani aliyesema hivyo? Mke alisema? Nani alimvusha mjukuu barabara jana? Baada ya hapo mzee huchagua mwenyewe jambo dogo la wiki. Huyu wangu wa kubuni anachagua kwenda barazani alfajiri, akiwa na fedha ya kikombe chake kimoja tu. Sikumwambia mimi. Wiki ijayo tutaulizana ilikuwaje.

Kwa kweli ugumu mkubwa uko upande wa pili. Anapokuja kijana wa miaka 23 akaniambia, mama, niambie tu, nimwache au nisimwache? Hapo umri uko upande wangu, ulimi unawasha, na adabu hainizuii. Wazee, nyinyi mlioko hapa mngekuwa wanagenzi, kujizuia kwenu kungekuwa kugumu kuliko kwangu.

4. Mipaka

Hapa nitakwenda haraka, ingawa ni mambo ya uhai. Siku ya kwanza mteja huambiwa kwamba anayoyasema hayatoki, na huambiwa pia lini yatatoka: pakiwa na hatari ya yeye kujiua, au mtoto kudhuriwa. Mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au aliyeacha kula na kuinuka, hapewi maneno peke yake. Anahitaji daktari, na huenda dawa. Mkoa wetu una Lutindi, kule Korogwe, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na ambayo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hutunza wagonjwa wa akili. Kumpeleka mtu huko si kumtupa.

Kuhusu kujiua, mwanagenzi hufundishwa kuuliza waziwazi. Swali halipandikizi wazo. Wengi hupumua wanapoulizwa. Ila sheria yetu ya adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu anayeogopa kituo cha polisi hatajibu kweli. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Mawakili mlio ukumbini, nawaachia hilo.

Na kusikiliza hakumaanishi kubariki kila desturi. Mwanamke anayepigwa ameshaambiwa avumilie na watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hatalisikia neno hilo kwangu.

5. Nani ataifanya kazi hii

Wanasaikolojia tulio nao ni wachache, na wengi wako mijini. Wengine wamekwishatafuta njia. Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alifiwa na mgonjwa aliyejiua. Familia haikuwa na nauli ya basi kumfikisha hospitali. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, akaanza na bibi 14 wa mtaani, wakaketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi hawatoi hotuba. Wanamsaidia mtu ayataje matatizo yake yote, achague moja, na atafute hatua moja. Uchunguzi wa wagonjwa 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache sana za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika Malawi, Zanzibar na hata New York.

Uganda walitangulia. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, watu wa hapohapo wenye elimu ya sekondari walifunzwa wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: sonona ilipungua sana kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi.

Sasa nawaangalia nyinyi. Walimu wastaafu, mnajulikana, mnaaminika, mna muda wa asubuhi, na nusu ya mji huu mliwahi kuisimamia kwenye paredi. Hilo la mwisho ndilo linalonitia shaka: aliyewahi kumchapa mtu ataweza kumsikiliza? Bibi wa Harare nao walikuwa na mamlaka yao, wakajifunza kuyaweka kando. Nadhani mnaweza, kwa masharti mawili. La kwanza, mafunzo yawe na msimamizi anayeendelea kuja baada ya cheti kutolewa. Mradi usio na msimamizi sitauunga mkono, hata ukiwa na fedha. La pili, mtu asipangiwe kukaa na aliyekuwa mwanafunzi wake.

Nitamaliza saa zangu za mazoezi mwakani, Mungu akipenda. Msimamizi wangu amekubali kuja kukutana na kamati yenu kabla ya hapo, na mganga wa zahanati jirani ameniambia kivuli cha mwembe nje ya geti lake hakina mpangaji asubuhi. Kinachobaki ni mabenchi, nauli ya msimamizi, na watu wa kuanzia, wasizidi kumi. Daftari la majina liko kwa katibu, pale karibu na birika la chai. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na Mwalimu wa safu ya pili, maana bado anatikisa kichwa.